Ndege Nne kwa Mkono wa Kushoto

Jumapili, 7 Septemba

Mkonge imenishinda tena. Kuruka nimeruka vizuri. Kutua, nikaipasua uwanjani. Mkono wa kulia nimeufunga kiunoni kwa leso ya mke wangu ili usijitie kusaidia. Wa kushoto ni mjinga kabisa. Nikitaka kushusha magurudumu, unatupa tangi la mafuta. Nikitaka breki, unafyatua mizinga.

Sina jinsi. Kaka yangu Yusuf hana mkono wa kulia tena. Kiharusi kilimpata mwezi wa sita. Mkono upo lakini hauna kazi, mguu anauburuta, maneno yanamtoka moja moja kama anayanunua. Na yeye ndiye aliyenifundisha simuleta hii, mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, hapa hapa chumba cha nyuma ya stoo, kila Jumapili duka letu la vifaa vya ujenzi likiwa limefungwa. Yeye kiongozi, mimi wa pili wake. Bhai, ndivyo ninavyomwita, anazijua ndege zote nne. Mimi naijua moja, na hiyo moja kwa taabu.

Majina kazipa yeye. Bi Mkubwa ni ya propela, ya vita vya zamani. Punda inabeba mabomu na haina haraka. Cherehani ni helikopta, kwa kelele zake. Mkonge ni nyembamba, ndefu, ukiikosea tu inakuchoma.

Nia yangu ni nizijue zote kwa mkono mmoja, nivipange upya vitufe vyake, kisha nimkalishe kwenye kiti. Dada wa mazoezi ya viungo amesema asipoutumia mwili utamkataa moja kwa moja. Bhai mipira ya mazoezi anaisukumia chini ya kitanda. Anashinda anatazama ukuta. Naogopa.

Jumatano, 10 Septemba

Bhai kaomba funguo za pikapu.

Kuna mteja Pangani anajenga nyumba ya wageni, anataka mabomba na matangi. Safari za Pangani zilikuwa zake siku zote. Amesema Jumatatu anaenda. Nikamkumbusha mkono. Akasema gari ni otomatiki. Kweli ni otomatiki. Nikamkumbusha mguu. Akanitazama tu, mpaka nikaona haya.

Hapo ndipo nilipoufungua mdomo wangu. Nikamwambia akitua salama na ndege zote nne, funguo nitampa kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui nani alinituma. Nilichotaka ni akae kwenye kile kiti, basi. Akacheka. Hajacheka tangu augue. Sasa nitarudishaje maneno?

Mteja wa Pangani nimemwambia mabomba bado hayajafika. Yapo, yamejaa stoo.

Ijumaa, 12 Septemba

Aibu leo. Mzee Shekue wa Nguvumali, aliyestaafu reli, mteja wetu tangu enzi za baba, kaja kununua rangi baada ya swala. Akaenda kwa Bhai pale kwenye benchi, akampa mkono, akampa pole. Bhai akajibu salamu huku anaangalia mbele. Mkono wa mzee ukabaki hewani. Mzee akaurudisha taratibu, akalipa, akaondoka.

Mwanaidi, dada wetu wa kaunta, anasema si mara ya kwanza. Kwao Makorora watu wanaongea. Eti Bhai siku hizi anachagua wa kusalimiana nao. Wengine anawapa mkono wa kushoto na kuomba radhi, wengine anawaacha wamesimama kama nguzo.

Nikamsema. Nilimsema vibaya, kumbe Shemeji Sakina, mkewe, yuko mlangoni anasikia. Bhai akajibu hakuona mkono wowote. Uongo mtupu. Mzee alikuwa ubavuni kwake kabisa.

Najua ugonjwa unatia uchungu. Lakini uchungu wake anautapikia watu wasio na hatia.

Jumapili, 14 Septemba

Siku niliyoingoja. Nimemkalisha kwenye kiti. Tumegombana.

Nilikuwa nimejitahidi. Vitufe vyote nimevihamishia kushoto, na nimevifanya vifanane. Kitufe hiki ni magurudumu, iwe Punda iwe Mkonge. Hiki ni mizinga, hiki ni breki, kwa ndege zote. Asihangaike kukumbuka. Nilidhani atanishukuru.

Akawasha Bi Mkubwa. Akabonyeza, magurudumu yakapanda. Akasimamisha kila kitu. Akafungua Mkonge, akabonyeza pale pale. Yakapanda. Akafungua Punda. Uso ukambadilika. Akavua hedifoni, akaziweka mezani polepole.

"Hizi si ndege, Abbas. Umenitengenezea kiti cha mgonjwa."

Sentensi ndefu kuliko zote tangu mwezi wa sita. Nilikasirika. Halafu nikafurahi kwamba amesema sentensi nzima. Halafu nikakasirika tena, wiki zangu zote zile! Akatoka, akajigonga bega kwenye fremu ya mlango, akatukana mlango.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefuta kila kitu.

Amesema maneno ya kweli, ndiyo yanayoniuma. Bi Mkubwa magurudumu yake ni ya mpini, unavuta na kusubiri, na ukiweka gesi kwa pupa anakugeukia uwanjani. Mkonge ni swichi ndogo yenye kifuniko. Bhai alizipenda kwa sababu kila moja ina tabia yake. Mimi nimezivalisha sare.

Nikaanza upya, mkono wa kushoto, kila ndege na mambo yake. Bhai akaja mwenyewe bila kuitwa, akakaa kushoto kwangu. Akanifumba macho kwa kiganja. Anataja ndege, anataja kipimo, mimi nanyoosha kidole kilipo. Mafuta ya Punda? Chini kushoto. Mwinuko wa Bi Mkubwa? Katikati, usawa wa kifua. Mkonge inanichanganya, vipimo vyake karibu vyote vimejazana kulia kama nguo kwenye kamba. Nikikosea ananigonga paji la uso. Ulimi wake ulifunguka. Alisema maneno mengi leo kuliko mwezi mzima, na mengi yalikuwa ya kunisimanga.

Nimelala chali sasa naandika, na kichwa kinauma. Leo ilikuwa siku njema. Naandika isije ikanipotea.

Alhamisi, 18 Septemba

Bi Mkubwa ametua. Gurudumu moja, la pili, mkia. Safi. Mkono wake wa kushoto umeupita wangu mara tu ulipopewa kazi. Baada ya kula akarusha Punda, akalipua daraja, akarudi, akatua.

Shemeji Sakina alisimama nyuma yetu na bakuli la kachori. Siku zote huita mambo haya magemu yetu ya kitoto. Leo alilia. Bhai akataka kuchukua kachori, akaipiga kikumbo chai, ikamwagika kwenye kibodi. Kikombe cha tatu wiki hii. Sakina kashanunua vya plastiki.

Nilipaswa kufurahi. Sifurahi. Zimebaki mbili na ahadi ni ahadi. Barabara ya Pangani ina watoto, mbuzi, bodaboda, malori. Anauliza funguo ziko wapi. Namwambia kwanza Mkonge.

Naomba ashindwe. Nimeandika hivyo, na ndivyo ilivyo. Naomba kaka yangu ashindwe.

Jumapili, 21 Septemba

Cherehani ilitua kwa kubahatisha, lakini ilitua. Ikabaki Mkonge.

Safari ya kwanza adui alikuja kutoka kulia, peupe, mbingu haina hata wingu. Bhai akamwacha amsogelee. Nikadhani ni ujanja wake. Akatunguliwa. Safari ya pili aliishiwa mafuta. Taa nyekundu iliwaka muda wote pale mbele yake. Nilinyamaza kwa sababu mtihani ni mtihani. Alishangaa injini ilipozima, kwa kweli alishangaa.

Safari ya tatu nikakaa kwenye kompyuta yangu, nikaruka naye kama zamani, kwenye bawa lake la kulia, karibu sana, kama alivyonifundisha. Tulikwenda vizuri. Nilisahau yote. Ghafla akakata kona kulia, bila neno, akaniingia mwilini. Tukaanguka wote. Nikampigia kelele. Akauliza kwa nini nilimwacha peke yake. Nikamwambia nilikuwa hapo hapo, kulia kwake. Akasema kulia hakukuwa na mtu.

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka.

Bi Mkubwa, vipimo viko katikati. Punda, kushoto. Cherehani alikuwa akichungulia chini kushoto muda wote. Mkonge, vyote kulia. Mzee Shekue alikuja upande gani? Vikombe vya chai huwa upande gani? Fremu ya mlango aligonga bega gani?

Nikamsimamisha mbele ya ukuta mweupe. Nikamwambia atazame pua yangu, asihamishe macho. Nikanyanyua vidole kushoto kwake. Vitatu, akasema. Viwili. Vinne. Sawa. Nikahamia upande wa pili, nikanyanyua.

Akangoja. Nami nikangoja.

"Anza basi," akasema.

Mkono wangu ulikuwa juu muda mrefu.

Jumatatu, 22 Septemba

Hakuniamini. Alisema namtafutia visingizio nisimpe funguo. Usiku sikulala. Nilipaswa kuzificha.

Asubuhi nikiwa bafuni nikasikia pikapu inawaka. Nimeshuka ngazi na taulo. Alikuwa kesha kaa kwenye usukani, amenyooka kama msumari, kama kawaida yake, na miwani ya jua. Mwanaidi ndiyo kwanza anafika kazini. Kwa heshima akaenda kumfungulia geti, akasimama penye bawa lake la kulia. Gari likatoka. Likaenda kulia, moja kwa moja, bila haraka, kuelekea pale alipo Mwanaidi. Nilipiga ukelele wa ajabu. Mwanaidi akaruka mtaroni. Kioo cha pembeni kikavunjika kwenye nguzo, bodi ikakwaruzwa mpaka mlangoni.

Bhai akasimama. Injini inaunguruma. Akanitazama akauliza amegonga nini. Mwanaidi alikuwa anatambaa kutoka mtaroni, gauni limeloa maji machafu, hatua mbili tu kutoka dirishani kwake. Bhai alikuwa anamtafuta kwa macho na hamwoni. Mpaka alipogeuza shingo yote ndipo akamkuta.

Akazima gari mwenyewe.

Jumatano, 24 Septemba

Kwa daktari wa macho. Wakamwekea kidevu kwenye mashine, vitaa vikawa vinawaka huku na huku, akiona kimoja abonyeze. Alibonyeza kwa kidole gumba, haraka haraka, kama anapiga mizinga. Kuna nyakati ndefu alikaa bila kubonyeza kabisa, na kwangu mimi niliyesimama nyuma vitaa vilikuwa vinaendelea kuwaka. Ikatoka karatasi yenye duara mbili. Nusu ya kulia ya kila duara nyeusi.

Macho ni mazima. Ubongo ndio uliopoteza upande. Daktari alisema kidogo huenda kikarudi, asikitegemee. Kuendesha gari, hapana. Bhai aliuliza lini. Daktari akarudia hapana, kwa sauti ya chini.

Miezi mitatu. Walimpima presha, mkono, mguu, ulimi. Jicho hakuuliza mtu. Na mimi niliyekaa naye kila siku, niliyejifunza ndege nne kwa mkono wa kushoto kwa ajili yake, nilikuwa naushughulikia mkono. Nilimsema kwa kiburi asichokuwa nacho. Najichukia.

Tulipofika nyumbani akasimama mlango wa chumba cha nyuma. "Toa vyote," akasema, akaenda kulala mchana kweupe.

Ijumaa, 26 Septemba

Sijatoa. Nimefunika kompyuta zote mbili kwa shuka na kufunga mlango. Hajauliza. Mimi pia sina hamu.

Mabomba ya Pangani nimetafuta kijana wa kukodi ayapeleke. Jana nilikwenda Nguvumali kumweleza Mzee Shekue. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu kwamba nilipaswa kuja mapema. Mwanaidi amerudi kazini. Bhai alimwomba radhi mbele ya wateja, akimgeukia mwili mzima. Sakina amehamisha vikombe.

Adhuhuri tulikwenda kuswali kwa miguu. Upepo mkali, vumbi. Nikamwambia atembee upande wa ukuta, mimi nikakaa upande wa barabara, kulia kwake. Bodaboda zilipita karibu yangu, moja ikanigusa kiwiko. Yeye alikuwa anasikia kelele zake tu, na kila ikipita anashtuka na kuinua bega. Mguu wake ulikuwa unachora mstari kwenye mchanga.

Karibu na msikiti akasimama. Akauliza kama nipo.

Nikamwambia nipo.

Akaanza tena kutembea.