Moto mu Mbavu

Makomeno, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Mutoto yangu Syntiche,

Jambo kwako, na jambo kwa Musonda, baba ya Gracia. Mutoto anakomaa muzuri? Shi huku tuko, Mungu anatulinda.

Telefone yangu haupokee, sasa inapita mwaka. Njo maana ninaandika. Jirani yangu Mukuka anapitaka kwenu Mokambo kila juma kutafuta unga, yeye njo atakuletea hii barua.

Kuko kintu sikukuambia. Miezi mbili mbele uzale, nilipata zona, ile ugonjwa ya malengelenge inaunguza ngozi. Bidonda bilipona, lakini moto ilibakia mu mbavu ya kushoto. Munganga alisema ni mushipa njo inauma. Hata nguo kama inanigusa, ni kama banapitisha pasi. Ile siku ku maternité, wakati ulininyoshea mutoto, nilirudisha mikono sababu ya ule moto. We uliona ninamukataa.

Dawa ya hospitali inanilalisha. Juma iliyopita nilianguka mu kanisa, mbele ya bantu yote. Sasa nimeanza kuenda ku mutaa wa Bel-Air kwa docteur Gauthier. Ni mutoto wa hapa, alisoma ku Chine, kule kwa Bachina, myaka munane, anatunza bantu na sindano. Haiko ya kuingiza dawa. Ni nyembamba, kama unywele. Kama ninapona, nitamubeba Gracia.

Mama yako,
Albertine


Makomeno, tarehe 21 mwezi wa saba 2024

Syntiche, mama,

Habari ya afya? Mukuka alisema barua ulipokea, uliifunga mu kitenge bila kuisoma. Haizuru. Ninaandika tena.

Séance ya kwanza, docteur alinilalisha upande wa kuume, akaweka sindano kumi na sita, pembeni ya mugongo na ku miguu. Nilimuuliza, "Docteur, inauma ku mbavu, unanitoboa miguu?" Akajibu, "Mama, penye moto hatugusi leo." Haikuuma. Ilikuwa kama chungu badogo banatembea ku ngozi, kisha uzito. Lakini nilirudi na moto yangu yote, nililia mu taxi. Ya pili, vile vile. Ya ine, usingizi ulinipata mule mule. Wakati niliamuka, nilivaa bluzi bila kuwaza. Nilifika ku mulango, njo nikakumbuka ile moto.

Bamama ya parokia banasema ni uchawi. Nilibaambia mi ninaendelea. Docteur mwenyewe hakuniahidi kintu. Anasema, "Tutaipunguza, mama. Kuimaliza yote, sijue."

Mama yako,
Albertine


Mokambo, tarehe 30 mwezi wa munane 2024

Mama,

Jambo. Huku tuko bazima. Pole na ugonjwa, sikujua.

Barua zote mbili nimesoma. Nililia, sisemi uongo. Kisha niliuliza infirmière wa ku hospitali ya hapa zona ni nini. Alisema inashikaka upande moja tu.

Mama, mukono yako ya kuume ilikuwa muzima. Kinywa yako pia. Hukuuliza mutoto anaitwa nani. Ulimutazama Musonda, ukachukua sakoshi yako ku bega, ukatoka. Ni moto gani ilifanya ile?

Kama hauna jibu, usiandike.

Mama Gracia


Makomeno, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2024

Mutoto yangu,

Jambo kwenu batatu. Nimekawia. Barua tatu niliandika na kuzipasula.

Moto ilikuwa ya kweli. Hata leo, mangaribi inarudi. Lakini sindano imeipunguza: ninalala, ninavaa, vidonge nimeacha nusu. Na vile imepunguka, sina tena fasi ya kujificha. Hata bila zona, ile siku singemupokea mutoto. Baba yako alikuwa hajamaliza mwaka mu kaburi. Mi nilikuwa mukubwa wa bamama ya parokia, ninafundisha mabinti ya bengine mambo ya ndoa, na wangu alizala na kijana mwenye hakuna aliyemujua mu nyumba yetu. Niliona haya. Haya ilikuwa kubwa kupita moto. Kisha maumivu ilinipatia sababu muzuri, na mi mwenyewe niliiamini.

Siku ya Mungu iliyopita nilisimama mbele ya bamama, nikabaambia vile nilifanya. Moja alitoka. Ule ukubwa nimeuacha.

Sikulombe ukuje. Ninakulomba unisamehe siku utaweza, na Musonda pia.

Mama yako,
Albertine


Mokambo, tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mama,

Jambo, na pole ya ile moto ya mangaribi.

Barua yako nilisoma peke yangu, kisha nilimusomea Musonda. Alisema, "Twende." Mi nilimuambia angoje juma mbili. Nilikuwa na kasirani, na bado iko. Sitasema imekwisha ili nikufurahishe tu.

Tutafika tarehe 27, shi batatu. Tutalala kwa Delphine, rafiki yangu wa masomo, haiko kwako. Bado. Usipike bintu ya sikukuu. Gracia anakimbia sasa, na haendake kwa bantu asiojua. Kama anakukataa, umuache alie, lakini usitoke mu chumba.

Siku yako ya docteur Gauthier ni gani? Nitakusindikiza. Nitaikala pembeni yako, na we utanionyesha penye inauma.

Mutoto yako,
Syntiche