Uzi Utakatika

Mama,

Shikamoo. Miguu bado inavimba? Sisi tunapumua, nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya.

Barua yako nimeipata. Unasema unakuja kukaa nasi kwa kuwa mimi sina moyo wa kulea. Usije.

Chiriku, mjukuu wako uliyempa jina hilo kwa domo lake, alizaliwa na tundu moyoni. Mwaka jana madaktari wakalishona. Daktari anasema kapona, aachwe akimbie. Hakimbii. Wenzake wakiruka kamba, yeye hukaa pembeni, kiganja kifuani. Akichekeshwa huuma ukosi wa sare mpaka umechanika. Wewe ukasema ameshika adabu. Nami nikashukuru!

Juzi mshauri wa watoto pale hospitali alimuuliza anaogopa nini. Akasema bibi alimwambia moyo wake umeshikwa na uzi, akicheka sana au akilia, uzi utakatika. Mshauri akamweleza kuwa nyama imeshaota, na uzi wa hospitali si wa nguo. Mtoto akamjibu kwamba mama yake ni fundi cherehani, nyuzi anazijua, hukatika kila siku.

Miaka sita unawaambia wageni kwamba hasira zangu ndizo zilizomtoboa mtoto moyo akiwa tumboni mwangu. Nilimeza. Hili halimezeki.

Ila nikikubebesha wewe peke yako nitakuwa mnafiki. Neno lilikuwa lako, lakini mimi nimelitumia. Siku moja mteja amesimama mlangoni anataka gauni lake, Chiriku analia, mimi sijalala. Nikamwambia bibi kasema kweli, uzi utakatika. Akanyamaza papo hapo. Mama, niliona raha. Nikawa nalirudia kila nikichoka, na mimi huchoka kila siku. Nimemwambia mshauri yote. Sasa Jumanne ni zamu yangu kuketi mbele yake.

Jana nilimwomba Chiriku msamaha, nikamwambia nilisema uongo. Akauliza kama na bibi alisema uongo. Nikajibu ndiyo. Basi mlango wangu utafunguka siku utakapompigia simu umwambie hivyohivyo kwa kinywa chako.

Aliposikia jibu langu alilia mpaka jirani akagonga ukuta. Sikumnyamazisha.

Msalimie dada. Dawa za presha usiziruke.

Ni mimi mwanao,
mwenye hasira zilezile.