Meza ya Kuzalia

Kasongo, Alhamisi jioni

Kosa ni langu, si la lizoli, dawa ya kuulia vijidudu. Juzi daktari alipitisha pamba juu ya meza ya kuzalia, akaipaka kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu. Leo kisahani kimejaa madoa meupe. Akasema, "Dawa hii haiui kitu." Nikaitikia, "Ndiyo, daktari."

Dawa inaua. Inataka kukaa mezani dakika kumi, lakini mimi naipangusa papo hapo, kwa kuwa wenye uchungu wanangoja. Zaina wa kijiji cha Wamaza alizalia pale Jumatatu, na sasa anawaka homa.

Mchana mama mkwe wake alimwinamia kitandani. "Homa ya uzazi inaletwa na mwanaume wa inje. Mutaje, upone."

"Mama, hakuna mutu."

"Mutaje!"

Nilisimama pale na beseni mikononi. Zaina akanitazama mimi, mkunga wake. Nikainamisha macho kwenye beseni. Akalia, kisha akataja jina.

Ndipo nikamkimbilia daktari, nikamwambia yote. Alinikaripia, akamchoma Zaina sindano. Niliporudi kumweleza yule mama mkwe, alikuwa ameshashika njia ya Wamaza.

Kesho nitaomba ruhusa nimfuate kwa miguu. Lakini mume wa Zaina akishalisikia lile jina, hatanisikia mimi.