Mhandisi katika Kibanja cha Nyamwiza

Ijumbi, Muleba

Mjukuu wangu Kemilembe,

Tu wazima sote. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini bado ananigombeza. Shangazi yako amehamishia duka lake Kashai.

Umeniuliza nchi unakosoma, ambayo sasa inasikilizwa duniani kote, ina wajibu gani kwa nchi ndogo. Nakujibu kwa tukio la miaka ya ujamaa.

Mhandisi kutoka taifa kubwa alikuja kutuchimbia kisima. Ramani yake ilionyesha kichimbwe katikati ya kibanja cha mjane Nyamwiza, penye migomba yake na kaburi la mumewe. Tulihitaji maji, kwa hiyo tulinyamaza. Nyamwiza alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akaanza kutafuna yeye, kama desturi yetu inavyomtaka mwenyeji. Mgeni akaomba kikombe na maji ya moto.

“Waitu, mgeni wetu, si ya kunywa! Tafuna!” Nyamwiza akamwambia.

Tuliangua kicheko. Mgeni akatafuna, akakunja uso, akacheka kutushinda.

“Mbona umeanza wewe?” akauliza.

“Ili ujue kwamba sikupi nisichokikubali mwenyewe.”

Aliitazama migomba, kisha kaburi, kisha ramani.

“Kingekuwa kibanja changu, nisingekubali,” alisema. “Nionyesheni mahali pengine.”

Kisima kilichimbwa bondeni. Wajibu wa mwenye nguvu, mjukuu wangu, niliuona siku hiyo, wala sijauona ukielezwa vizuri zaidi.

Maji yalipotoka, Nyamwiza alimvuta mhandisi kwenye ngoma. Alicheza vibaya mno, nasi tukampenda.

Vaa nguo nzito.

Babu yako