Kelele ya Bao la Babu, Durban

Shikamoo Babu, na pole ya goti.

Uwanja wa ujana wako ulibomolewa, wakajenga huu wenye tao papo hapo. Nilisimama jukwaani nipige ile kelele ya bao uliyoipiga hapa siku timu yako iliposhinda, ukaniagiza niirudie, lakini watalii walinitia haya. Mjomba akanicheka: “Historia yote umeisoma, sauti umeiacha maktaba?” Mlinzi mmoja Mkongomani akaninyooshea vuvuzela: “Eish, dada, iko rahisi, puliza tu!” Nikakataa, maana wewe ulitumia koo. Nikafumba macho: “Gooooli!” Mlinzi akaitikia, “Gooooli!” na watalii wote wakamfuata, kama bao limeingia leo. Sasa sauti imenikauka kama yako siku ile, na Mjomba ananinywesha tangawizi.

Nakupenda, Babu. Goti lipone, tuje tushangilie pamoja.

Mjukuu wako, Neema