Brashi Haikuona Kitu

Kaka Bunlert,

Nisamehe nimechelewa kuandika. Mtoto anaota meno, na baba, ambaye macho yake yamekuwa ya manjano kama binzari, haachiki peke yake.

Simu zangu hupokei, basi soma. Nina hasira na wewe. Daktari alimpitishia baba mpira kooni, akausugua mfereji wa nyongo kwa brashi, na majibu yakasema saratani haikuonekana. Ukampigia baba kutoka Bangkok: "Mzee, umepona! Wakuletee samaki mbichi!" Wajomba wakaja na samaki wa mto Chi, wakawakatakata kwa ndimu na pilipili, wakala naye wakicheka. Samaki walewale wabichi waliomjaza minyoo kwenye ini, minyoo iletayo saratani hii!

Daktari anasema brashi huokota chembe chache tu, na mara nyingi huikosa saratani iliyopo. Sasa anataka kuingiza kikoleo anyofoe kipande cha nyama chenyewe, kikapimwe. Baba kagoma: "Mwanangu mkubwa kasema nimepona. Wewe nani, Bualai?" Mimi ninayemwogesha!

Hospitalini wanamsubiri Alhamisi ijayo. Nitumie maziwa ya kopo ya mtoto, sweta la baba, na kabla ya Alhamisi sauti yako kwenye simu, ukimwambia ulikosea.

Mdogo wako akupendaye hata hivyo,
Bualai