Mzee Amemrudisha Fundi wa Dohani

Mama Ardith, nakusalimu. Naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nimefikiri mpaka nimechoka, na hapa Hancock siwezi kumweleza mtu, ukimwambia jirani mmoja mji mzima umejua.

Mimi na mume wangu Verlin tulikubaliana na Mzee Waino kununua nyumba yake. Ni mgane, amepita miaka themanini, na nyumba ni ya mbao yenye sauna nyuma, kile chumba cha kuogea mvuke, nami niliipenda tangu nilipoingia jikoni. Benki ikamtuma mthamini, bei akaiona sawa, lakini akasema mkopo hautatoka mpaka mambo matatu yatengenezwe: rangi inayobambuka ukuta wa kaskazini, ngazi za nyuma ambazo hazina pa kushika, na dohani ya sauna iliyoinama. Mzee akakubali kuyafanya kwa gharama yake, binti yake Corrine aliyeko Green Bay akafurahi maana ameshamtafutia chumba karibu na kwake, sisi nasi tukatoka kwenye nyumba ya kupanga tukahamia chumba cha chini ya sakafu kwenye nyumba ya shemeji yangu, na watoto wawili na paka, tukisema ni kwa muda mfupi tu.

Tangu hapo tunasubiri. Ngazi zimetengenezwa, rangi inakwanguliwa kidogo kidogo, ila dohani haiguswi. Tukimuuliza dalali anasema mzee anadai mwashi hajaja. Shemeji akitukuta mezani anauliza, "Vipi, nyumba yenu bado iko jikoni?" na Verlin anacheka, lakini namjua, anacheka meno tu. Theluji ikianza, rangi haitapakwa wala saruji haitashika mpaka baridi iishe, na benki haitatungoja kwa masharti yale yale.

Juzi dukani nikakutana na Dewey, yule mwashi. Nikamwambia, "Jamani Dewey, dohani yetu utaijenga lini? Tunaozea kule chini."

Akanishangaa. "Si mmeahirisha wenyewe? Nilifika na matofali yangu, mzee akaniambia wanunuzi wamebadili mawazo, nirudi nyumbani."

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Waino. Akanikaribisha jikoni, akabandika kahawa, akakata mkate wa iliki.

"Mzee, nimeonana na Dewey."

Akaendelea kumimina. "Amekwambia?"

"Ameniambia."

Akaketi. "Binti yangu alinililia kwenye simu. Anaogopa nitaanguka humu peke yangu. Nikamwambia haya, nitauza. Nilitaka tu anyamaze. Sikujua kama ataleta dalali upesi hivyo."

"Kwa hiyo hutaki kuuza?"

"Nyinyi nawapenda. Ningekuwa nauza, ningewauzia nyinyi." Akanisogezea sahani. "Usimwambie Corrine, mama. Acha baridi ipite, tutazungumza."

Na mimi, Mama Ardith, nikasema sawa. Hata mkate nikala.

Verlin hajui lolote, anamlaani Dewey bure. Nikimwambia dalali, mzee atabanwa na mkataba aliotia saini. Nikinyamaza, tutakaa kule chini baridi yote. Na nikuambie ukweli, kuna sehemu yangu inayosema mtu mzima ametia saini, mbane. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Hancock

*

Mama wa wawili, pole. Kulea watoto chini ya sakafu ya shemeji, huku juu unasikia kila kiti kinachovutwa, si maisha. Sasa nisikilize.

Ulikwenda kutafuta ukweli, ukaupata, halafu ukakubali kuuficha kwa ajili ya aliyekudanganya. Nani alikutuma? Mzee alishindwa kumwambia binti yake maneno mawili, akaona afadhali akutwishe wewe. Ni mtu mwema, sikatai, lakini amewasingizia kwa Dewey na amewaweka watu njia panda. Usimwonee huruma mpaka umfanye mtoto. Ana akili zake na simu anayo.

Leo hii mwambie Verlin, kabla hajagombana na mwashi asiye na kosa. Kisha nendeni wote wawili. Mwambie mzee: "Mpigie Corrine sasa, sisi tuko hapa. Usipompigia, kesho dalali atasikia kutoka kwetu." Usimpigie wewe kwa niaba yake. Binti akilia, mwache alie. Huyo ni baba yake, wewe ni mnunuzi.

Akisema anauza, Dewey aje wiki hii hii nanyi mkiwepo. Akisema hauzi, mwamini. Muulize mwanasheria haki zako uzijue, lakini ushauri wangu ni msimtoe mtu kwa nguvu mlangoni mwake kisha mkalale humo. Mkataba uvunjwe kwa maandishi, awarudishie arubuni yenu na gharama ya mthamini, kwa sababu aliyegeuka ni yeye. Habari ya "baridi ipite" usiipokee hata kidogo. Kesho yake anza kutafuta nyumba nyingine. Na usishike brashi kumalizia rangi ya nyumba ambayo si yako.

Ardith

*

Wasomaji, jibu hilo nilimpa kwa simu kwanza, kwa kuwa jambo lenyewe lisingengoja gazeti. Sasa ameniandikia tena na ameniruhusu niwawekee hapa.

Mama Ardith, nilimwambia Verlin. Akasema, "Na mimi nimemtukana Dewey mbele za watu." Akaenda kumwomba radhi, kisha tukaenda kwa mzee. Akashika simu, akapiga. Corrine alilia, tulimsikia. Safari hii mzee hakumkubalia ili anyamaze. Alimngoja amalize, akasema, "Mwanangu, hata mimi naogopa kuanguka. Lakini naogopa zaidi kuamka mahali nisipopajua."

Corrine akamuuliza, "Sasa kwa nini uliniacha nikuchagulie mapazia?"

Mzee akasema, "Nisamehe, mama."

Mkataba ulivunjwa na fedha zetu tukarudishiwa. Nililia ndani ya gari, Verlin akaendesha polepole. Corrine sasa huja kila mwisho wa mwezi, na mzee amekubali kuvaa kidude cha kubonyeza akianguka, ingawa anakiita kengele ya ng'ombe.

Sisi tumepata nyumba ng'ambo ya daraja. Dari liko chini na jikoni ni padogo. Mthamini alitaka dirisha moja tu libadilishwe, mwenye nyumba akalibadilisha siku ile ile, na sasa funguo tunazo.

Nikienda kazini bado napita kwa Mzee Waino, huwa naangalia kama njia ya mlangoni imeondolewa theluji. Jana haikuwa imeondolewa. Nikasimamisha gari, nikabisha hodi. Akafungua akiwa na nguo za kulalia, akanitazama.

"Umekuja kununua tena?"

"Nimekuja kuona kama uko hai."

"Niko hai, nilichelewa kuamka," akasema, akanionyesha lilipo koleo la kuondolea theluji.